Jibu: Usomaji unashuka hata bila askobeti oksidesi

Habari ndugu. Unapima askobeti oksidesi, kimeng'enya kinachooksidisha vitamini C, kwa kuangalia mwanga unaofyonzwa na vitamini C ukipungua. Unasema kwenye mwanga wa nanomita 265 usomaji unashuka hata kwenye kuveti (kichupa cha kupimia) isiyo na kimeng'enya. Anza na maji na bafa (myeyusho unaotuliza pH): chembe kidogo tu za shaba au chuma zinatosha kuoksidisha vitamini C. Weka EDTA, kemikali inayoshika metali, milimola 0.5 kwa lita kwenye bafa ya fosfeti ya pH 5.6, kisha usome tena. Mstari wa usomaji ukitulia, umempata mchawi. Vitamini C iyeyushe siku hiyohiyo, ikae kwenye barafu; ikianza unjano, mwaga. Kimeng'enya kikizimuliwa sana hulegea, kwa hiyo ongeza albumini (protini ya kukilinda) kidogo. Bafa yenye azidi ya sodiamu, dawa ya kuzuia vijidudu, usiitumie kabisa: azidi hushika shaba iliyomo ndani ya kimeng'enya na kukizuia.