Jina halimo kwenye orodha ya msaada wa mafuriko

Pole sana ndugu yangu. Mto Sabaki ukusombee mahindi na migomba huko Garashi, Kilifi, halafu jirani apate pesa za serikali wewe ukose, inauma. Anza kwa naibu wa chifu, kisha afisa wa kilimo wa wadi, athibitishe ekari zilizoharibika. Beba kitambulisho na picha za shamba, zipigwe kabla hujalima tena. Mimi nilikosa mara ya kwanza kwa sababu laini ya simu niliyoandikisha ilikuwa kwa jina la mke wangu, haikulingana na kitambulisho changu! Shamba la kukodi? Andikianeni mkataba na mwenye shamba. Anayedai "chai" ili akuandike usimpe, wala namba ya siri ya M-Pesa. Wakikupuuza, Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), inayoshughulikia wanaoonewa na ofisi za serikali, hupokea malalamiko bila malipo.