Barua kwa Mwanangu: Mchukue Yule Dume

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imefika. Umeniuliza nikiwa wewe ningemchukua yupi pale kwenye kituo cha paka wasio na makao, yule paka mdogo wa miezi mitatu anayegombaniwa na kila mtu, au yule dume wa miaka minane ambaye kadi yake imeandikwa "UKIMWI wa paka". Kisha ukaongeza: nijibu kama baba, si kama daktari wa wanyama. Hilo la mwisho haliwezekani, umechelewa sana kuniomba. Jibu langu ni dume. Nikueleze kwa nini, halafu uamue mwenyewe, maana mchanga wake wa choo utauzoa wewe.

Tuanze na hilo jina, kwa sababu ndilo lililokutisha. Nadhani limewanyima makao paka wengi ambao hawakuwa na shida kubwa. Kirusi chenyewe kiligunduliwa California mwaka 1986. Ni jamaa wa VVU lakini hakimpati binadamu, umpakate, akulambe au akuparure. Kati ya paka na paka, njia yake kubwa ni kuumana: jino linazama kwenye nyama na mate yanaingia. Ndiyo maana wanaokutwa nacho wengi ni madume ambao hawakuhasiwa, walioishi nje wakigombania majike. Kula bakuli moja si njia yake ya kawaida. Paka mwenye kirusi hiki akihasiwa, akakaa ndani na kula vizuri, anaweza kuzeeka kama wenzake. Tatizo lake mara nyingi huanzia mdomoni, kwenye fizi na meno, na hilo linatibika.

Ila hakikisha ni kirusi hicho. Kuna kingine, cha lukemia (saratani ya damu) ya paka, ambacho watu hukichanganya na hiki. Hicho huenea hata kwa kulambana, na wengi wanaobaki nacho mwilini bila kupona hufa ndani ya miaka michache. Mhudumu akikuambia tu "ana virusi", omba majibu ya kipimo uyasome kwa macho yako.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, haihusu virusi. Kazi hii, ukiondoa chanjo na kuhasi, kwa sehemu kubwa ni kupokea wagonjwa waliochelewa. Paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, kwa hiyo maumivu huyaficha. Akiacha kuruka dirishani, watu husema amezeeka. Akijificha chini ya kitanda, wanasema amenuna. Mimi namwona dakika chache kwa mwaka, tena akiwa amelaza masikio na moyo unamwenda mbio kwa hofu. Anayeishi naye ndiye anayemjua. Na paka mtu mzima tabia yake imeshakaa: saa yake ya kula, mahali anapolala, jinsi anavyokwenda chooni. Ukishaizoea, badiliko dogo utaliona. Mdogo hubadilika kila wiki, na mtu ambaye hajawahi kufuga paka hatofautishi ugonjwa na kukua. Isitoshe, yule mdogo atapata mtu kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Dume hasa mchunge anapokojoa. Wenye paka huja wakiniambia, "Daktari, amefunga choo, tangu jana anajikamua tu." Nikipitisha vidole chini ya tumbo nakuta kibofu kimejaa, kigumu kama chungwa. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, na umezibwa na ute uliochanganyika na chembechembe za madini. Potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unaanza kwenda polepole, na ndani ya siku mbili tatu anaweza kufa. Tunampa dawa ya usingizi, tunaingiza mpira mwembamba huku tukisukuma maji ya chumvi kidogokidogo, na mimi nakaa nikisikilizia kwenye ncha za vidole hadi kizuizi kiachie. Kikiachia, mkojo hutoka mwekundu na chumba chote kinanuka, wala hakuna anayelalamika. Kwa hiyo ukimwona anaingia kwenye mchanga, anachuchumaa, anatoka bila kitu, kisha anarudi tena, usisubiri kukuche.

Mengine si ya mbio kiasi hicho. Akisusa chakula siku moja, nipigie. Zikifika mbili, mpeleke kwa daktari, hasa akiwa mnene, kwa kuwa paka asiyekula mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulielemea. Akiwa usingizini hesabu pumzi zake: zikizidi 30 kwa dakika na zikaendelea hivyo, moyo au mapafu yana neno. Akianza kunywa maji kupita alivyozoea, tunapima figo na kisukari. Akila sana huku anakonda, miaka ikisogea, mara nyingi ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi. Na mpime uzito kila mwezi. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Paka wa kilo nne akipungua gramu 300, ni kama mtu wa kilo 60 aliyepoteza kilo nne na nusu, na mtu wa namna hiyo majirani wangeshamuuliza ana nini.

Dawa zako zifungie. Wanaoniumiza roho si wakatili, ni wenye huruma waliompa paka parasetamoli kwa sababu ana homa. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Damu hugeuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, uso unavimba, na kidonge kimoja kinaweza kuua. Dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini nazo usimpake hata tone. Ukiletewa maua ya yungiyungi, yale Waingereza wanayoyaita "lily", wape majirani wasio na paka: chavua iliyomwangukia manyoya akailamba, au maji ya chombo cha maua, vyatosha kuharibu figo.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini nisifanye kazi nyingine, kwa kuwa kuna siku nilikuwa narudi nyumbani sina la kusema. Mara nyingi siku hizo zilikuwa za FIP. Ni ugonjwa unaotokana na kirusi cha korona cha paka kinapobadilika ndani ya mwili, na huwapata zaidi wadogo, wale wa chini ya miaka miwili. Tumbo linajaa maji ya njano yanayonata, mtoto wa watu anashika kikapu, na mimi sina cha kutoa ila sindano ya mwisho. Miaka na miaka hali ilikuwa hiyo. Mwaka 2019 Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake wakachapisha matokeo ya dawa iitwayo GS-441524. Walikuwa na paka 31, matibabu ya wiki 12 au zaidi, na wengi wao walipona. Dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na remdesivir, ile tuliyoisikia sana wakati wa UVIKO-19. Siku hizi paka wa FIP anaweza kuingia tumbo limejaa, na baada ya wiki kadhaa anaruka kutoka mezani kwangu akitafuta mlango. Kuna wenzangu wanaosema wamechoka na kazi hii, nami nawaelewa, kwa sababu watu kutaka tiba bila kuwa na fedha ni mzigo ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Lakini kustaafu sasa, wakati mambo yameanza kunoga, sitaki.

Ukimleta nyumbani, mpe chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Weka sanduku la karatasi la kujificha, maji mbali na mchanga, na chakula kilekile alichokuwa anakula kituoni. Kukibadilisha kunaweza kusubiri. Atajificha. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa mwezi. Usimvute. Kaa chini, soma simu yako, umpepesee macho polepole akikutazama. Akikuuma, usiseme ni kijeraha kidogo. Jino la paka ni jembamba, linapenya mpaka kwenye kano, ngozi inafunga juu na vijidudu vinabaki ndani. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa ukiumwa mkononi. Kidole changu cha kati ambacho hakikunji vizuri unakijua.

Kituoni omba majibu ya kipimo cha damu, tarehe aliyohasiwa na kadi ya chanjo, ya kichaa cha mbwa ikiwemo. Mwombe pia mhudumu amfunue midomo upige picha. Fizi za rangi ya waridi ni sawa. Mstari mwekundu unaofuata meno unataka daktari wa kuyasafisha, huenda na kuyang'oa, na gharama hiyo uijue kabla hujatia saini. Picha za uso wake watumie wadogo zako. Mimi nitumie za fizi.

Baba yako