Kabla hujapampu breki, jua umekalia gari gani

Breki ikigoma, pampu, yaani kanyaga na kuachia haraka haraka! Ndivyo kila utingo kati ya Nakuru na Kisumu atakavyokuambia, tena kwa sauti. Kwenye gari dogo kama Probox huenda ukapona. Kwenye trela unajimalizia upepo mwenyewe, na kwenye gari lenye ABS, mitambo inayozuia magurudumu yasifunge ukikaza breki, unaizuia isifanye kazi yake. Nimeendesha yote matatu. Siku hizi napeleka viazi vya Molo sokoni Kibuye kwa Canter, na bado nasikia ushauri huo huo mmoja ukitolewa kwa kila dereva, awe amekalia gari gani.

Tuanze na joto, maana balaa nyingi huanzia hapo. Breki huugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Kutoka Kericho hadi Ahero unateremka zaidi ya mita 700. Nguvu ambayo lori la tani 10 linapoteza kwa kushuka hivyo inatosha kuchemsha pipa zima la maji la lita 200. Ni kweli upepo, tairi na injini hubeba sehemu ya mzigo huo. Lakini dereva anayeweka frii, yaani gari bila gia, ili aokoe dizeli ameitoa injini kwenye hesabu, na karibu kila kitu kinaangukia laining, ile sehemu ya breki inayosugua. Wanaopita miteremko ya Salgaa na Sachang'wan wanaijua harufu ya laining inayoungua. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia, na unaiingiza kabla mteremko haujaanza, si katikati.

Magari madogo na pikapu hutumia mafuta. Ukikanyaga pedali, masta silinda inayasukuma mafuta kwenye paipu nyembamba hadi magurudumuni, na kwa kuwa mafuta hayabonyei, nguvu ya mguu inafika yote. Mbele kwa kawaida kuna diski inayobanwa na pedi mbili, nayo iko wazi, inapigwa na upepo. Nyuma mara nyingi ni drami, ambamo shuu, vipande vilivyovikwa laining, zinatanuka na kusugua kwa ndani. Drami baridi inashika vizuri sana, maana mzunguko wenyewe unaivuta shuu izidi kujikaza. Ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu, na pedali inaanza kwenda chini zaidi ya kawaida. Maji nayo yakiingia huchelewa kutoka. Ukivuka barabara iliyofurika huko Ahero, kanyaga breki kidogo kidogo ukienda polepole mpaka uhisi zinashika tena.

Adui mkubwa wa mfumo huu ni mafuta yaliyozeeka. Mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi joto 205. Yakishakunywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hilo lilinikuta nikiteremka Riat kuelekea Mamboleo na pikapu ya kuazima. Pedali ilizama hadi kwenye sakafu bila kelele yoyote. Nikapampu haraka haraka; safari ya tatu ikainuka kidogo. Nikaingia gia ya pili, nikavuta handibreki taratibu huku kidole kikiwa kwenye kitufe chake ili magurudumu ya nyuma yasifunge, nikaegesha pembeni. Fundi alipofungua kifuniko, mafuta yalikuwa meusi na yana matope chini. Hapo kupampu kulisaidia, kwa sababu kila kanyago lilikuwa linaubana ule mvuke na kuongeza mafuta kwenye paipu.

Na usizime injini ukiteremka. Busta, ile inayousaidia mguu kukaza breki, inategemea injini. Ukizima unabakiwa na makanyago mawili matatu, kisha pedali inakuwa ngumu ajabu.

Malori makubwa, trela na mabasi mengi hutumia upepo, na hapa mambo yanageuka kabisa. Kompresa inajaza matangi, mguu wako unafungua valvu, upepo unasukuma shuu. Kila ukikanyaga na kuachia, upepo uliotumika unatoka nje. Ndiyo ile "pssh" unayoisikia lori likisimama. Kwa hiyo ukipampu unaumwaga upepo kuliko kompresa inavyoweza kuurudisha. Kanyaga mara moja kwa uzito hadi mwendo upungue, achia, ngoja uongezeke, kanyaga tena, jicho likiwa kwenye geji.

Utasikia watu wakisema lori la upepo haliwezi kukosa breki, kwani upepo ukiisha springi inafunga magurudumu yenyewe. Hiyo springi ipo kweli, upepo ndio unaoizuia. Lakini inasukuma shuu zile zile dhidi ya drami zile zile. Kama drami zimetanuka kwa moto na fundi hakurekebisha nafasi ya shuu, springi nayo itasukuma na isifike. Ndiyo maana nasisitiza kukagua marekebisho ya kila gurudumu, na kama lori lina breki ya egzosti, inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo, itumie mapema.

ABS ya kisasa ya kielektroniki ilianza kuuzwa kwenye gari la Mercedes-Benz mwaka 1978, ikitengenezwa na Bosch. Sensa za magurudumu zikigundua moja linataka kufunga, mitambo inaachia na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde, kuliko mguu wa mtu yeyote. Pedali itatetemeka. Wengi wakisikia hivyo huachia kwa hofu, na hapo ndipo wanagonga. Kanyaga, usiachie, elekeza usukani unakotaka. Ila kwenye murram iliyolegea gari linaweza kuchukua nafasi ndefu zaidi kusimama, kwa hiyo punguza mwendo mapema.

Kwa ndugu zangu wa boda: breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ikaze taratibu pamoja na ya nyuma badala ya kuiogopa.

Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hivi, hata kama gari halijakusumbua. Nunua chupa yenye muhuri, soma kwenye kifuniko cha tangi kama ni DOT 3 au DOT 4, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Ile itakayobaki nusu usiiweke kwenye buti kungojea mwakani. Imeshaanza kunywa maji.