Baada ya uchaguzi, skuli isinyamaze

Dada mmoja wa Kipemba anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, ameniandikia ujumbe mrefu. Mwanawe yuko darasa la tano. Tangu Donald Trump aliposhinda uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2024 mtoto halali vizuri, na kila asubuhi kabla hajapanda basi anauliza, "Mama, nikirudi nitakukuta?" Karatasi za uhamiaji za mama bado zinashughulikiwa. Wenziwe darasani wamemwambia kuwa wageni wote watakusanywa warejeshwe kwao, na mwalimu wake hajasema kitu. "Mwalimu," ananiuliza dada, "wewe umesomesha watoto wetu miaka ile migumu. Skuli inaweza kufanya nini hasa?"

Inaweza kufanya mengi. Nalisema bila ya kusita kwa sababu khofu hiyo nilikaa nayo dawatini nikiwa mtoto, na nimekutana nayo tena nikiwa nimeshika chaki.

Walioishi Pemba Januari 2001 hawahitaji kuhadithiwa. Kwa mliozaliwa baadaye: uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 ulileta mzozo, tarehe 27 Januari wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF wakaandamana kudai urejewe, askari wakafyatua risasi, watu wakafa, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Sisi tulikuwemo. Tuliondoka usiku kwa mashua, mama na mimi na wadogo zangu. Baba alibaki, na kwa muda mrefu hatukujua yu wapi.

Mama alikuwa na jamaa upande ule, basi nikatiwa skuli. Mwalimu alinikalisha nyuma kabisa na hakuniuliza hata jina. Watoto walinicheka nilivyokuwa nikisema, wakaniambia litakuja lori la polisi kunirudisha kwetu. Mwalimu alikuwa akisikia. Hilo bado linaniuma, na mimi sasa nina watoto wangu mwenyewe, kwa sababu neno moja la mtu mzima lingetosha. Kila gari likipita nje nilikuwa natazama dirishani. Muhula ule sikujifunza kitu.

Tulipohamia kwa mjomba nikapelekwa skuli nyengine, na huko nikampata mwalimu wa kike ambaye namuombea dua hadi leo. Asubuhi ya kwanza alinivuta pembeni akaniuliza nani atanichukua mchana. Na mama asipokuja? Na mjomba asipokuwepo? Akayaandika majina hayo katika daftari lake mbele ya macho yangu. Kisha akaingia darasani akawaambia wenzangu: huyu ni mwanafunzi wa skuli hii, hakuna atakayemtoa humu wakati wa masomo, na anayemtisha atajibizana na mimi. Basi, akafungua kitabu tukaanza hesabu. Usiku ule nililala.

Oktoba 2001 chama tawala, CCM, na CUF walitia saini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mzozo ule. Tukarudi Wete, nikasoma, nikawa mwalimu.

Halafu ukaja mwaka 2015. Tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alifuta uchaguzi, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakaususia. Tuliokuwepo Pemba tunajua kilichofuata. Watu waligomeana. Dukani kwa fulani hakununuliwi, harusi ya fulani haendewi, hata maziko. Watoto wakayaleta darasani kama walivyoyasikia nyumbani, wakawa hawataki kukaa dawati moja na mtoto wa sheha, yaani mkuu wa mtaa aliyewekwa na serikali. Mkuu wa skuli niliyokuwepo alituamuru tunyamaze, siasa ziishie getini. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye, maana siasa zilikuwa zimeshaingia na zimevaa sare.

Niliwaambia wanafunzi wangu kuwa kura ni za wazee na darasa ni lao, na kuwa humu hakuna mtoto wa chama. Anayemnyima mwenzake nafasi ya kukaa, atakaa mbele na mimi. Kila asubuhi nikiita rejesta nilimtazama kila mmoja usoni. Aliyekosa, jioni nilikwenda kwao. Niliingia nyumba za chama hiki na za chama kile, na kote nilikaribishwa. Mwisho wa mwaka darasa langu ndilo lililokuwa na utoro mdogo kuliko yote pale skuli. Nalisema kwa fahari, maana nililipigania.

Sasa dada yangu, nisikilize. Khofu ya mwanao ina sababu, usimwambie ni upuuzi. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani iliondosha mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu maskulini, hospitali na kwenye nyumba za ibada. Lakini sheria kubwa zipo palepale. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler iliyotoka Texas, iliamua kuwa skuli za umma haziwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Na ipo sheria ya mwaka 1974 inayozuia skuli kutoa kumbukumbu za mwanafunzi ovyo bila ya ridhaa ya mzazi.

Tazama Los Angeles. Bodi ya skuli za mji ule ilitangaza msimamo wake wa kuwalinda wanafunzi wahamiaji Novemba 2024, uchaguzi haujamaliza hata mwezi. Aprili 2025 maofisa walipofika katika skuli mbili za msingi wakitaka kuonana na wanafunzi, walimu wakuu waliwazuia wasiingie. Walijua la kusema kwa sababu lilikuwa limeshasemwa.

Kwa hiyo nenda skuli. Omba kuonana na mwalimu mkuu pamoja na mshauri wa wanafunzi. Waulize: ofisa akifika mlangoni, nani anazungumza naye, na anadai hati gani? Wakujibu wazi, kisha wamwambie mtoto mwenyewe kwa maneno ya mtoto. Ijaze upya fomu ya watu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, utie majina ya watu unaowaamini, na mwanao ayaone majina hayo na ayajue. Mwalimu wa darasa aseme mbele ya wote. Waliomtisha waitwe, na wazazi wao waitwe. Narudia: waseme. Skuli ikinyamaza mtoto hujijibu mwenyewe, na majibu yake huwa mabaya kuliko yote.

Na nyinyi walimu wenzangu wa Unguja na Pemba, msisome haya mkadhani ni ya Ohio. Tuna watoto wa wageni madarasani mwetu, watoto ambao baba zao wametoka Bara kujenga na kulinda mahoteli Nungwi na Paje. Kila uchaguzi ukija, nao husikia wakiambiwa warudi kwao. Sisi tuliopokewa Shimoni, tukalishwa na watu waliokuwa hawana kitu, tutamwambia nini Mungu ikiwa mtoto wa mwenzetu anatishwa mbele yetu na tunaendelea kuandika ubaoni? Jifunze jina lake. Uliza nani anamchukua mchana. Simama useme.

Dada, moja la mwisho. Siku ya kikao usimchukue mwanao akutafsirie. Skuli zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoifahamu, basi omba mkalimani wa Kiswahili mapema, hata wa simu. Mtoto siku hiyo abaki darasani kwake, asome.