Mwenye Ndugu Ziwani, Ayajue Meno Yake

Kama una ndugu anayeshinda ziwani, awe mvuvi wa dagaa, baharia wa kivuko au mchuuzi wa kwenda na kurudi Ukerewe, nakuomba jambo moja: yajue meno yake. Mimi ni tabibu wa meno hapa Mwanza, na nimeshakaa na familia zilizotoka chumba cha maiti kuja kuuliza kama jalada letu la matibabu linaweza kuwasaidia.

Maji ya ziwa letu yana uvuguvugu. Mwili ukikaa humo siku chache, uso huvimba hata mama mzazi akasita, na ngozi ya vidole huvuka, alama zake zikawa taabu kuchukua. Meno hubaki. Gamba lake la nje ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na hustahimili maji, kuoza, hata moto. Ndiyo maana Interpol huyahesabu meno, alama za vidole na vinasaba kuwa njia kuu za kutambua marehemu wa maafa. Sisi tulioomboleza MV Bukoba ya Mei 21, 1996, na MV Nyerere kule Ukara Septemba 20, 2018, hatuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linatuhusu.

Shida ni kwamba meno ya marehemu peke yake hayasemi jina. Lazima pawe na kitu cha kulinganishia, na hapo ndipo tunapokwama.

Mama mmoja alikuja na shemeji yake. Nikauliza, "Alikuwa na pengo?" "Ndiyo, daktari." "Upande gani?" Mama akasema kulia, shemeji akasema kushoto. Tukapekua picha kwenye simu. Karibu zote amefumba mdomo. Ikapatikana moja ya harusini, anacheka kichwa kimeinuka, na chonge ya juu inaonekana waziwazi imelipanda jino la jirani. Picha hiyo ndiyo waliyoipeleka kwa daktari wa uchunguzi.

Kwa hiyo mpige mwenzio picha akicheka, meno ya juu na ya chini yaonekane. Akitoka kung'oa au kuziba jino, daftari la matibabu na picha ya eksirei vitunzwe nyumbani pamoja na vyeti. Andikeni jino gani limetoka na mwaka gani. Kwetu wengi huja kliniki siku ya kung'oa tu, lakini hata pengo lina kazi kubwa: kama jalada linaonyesha gego fulani lilishang'olewa na maiti inalo, huyo si ndugu yenu. Jino lililozibwa ambalo jalada halilitaji ni tofauti, maana anaweza kuwa alizibwa baadaye kwingine.

Sasa pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya juu. Matuta unayoyagusa kwenye kaakaa yalijitengeneza ukiwa bado tumboni, karibu na mwezi wa tatu, na mpangilio wake ni wako. Hata pacha wako ana wa kwake. Ulimi na mashavu huyakinga na joto. Ni nyama lakini, hatimaye huoza, kwa hiyo katika kutambua mimi huanza na meno, matuta baadaye. Tena hayafai kitu kama hayakuwahi kuchukuliwa umbo, na wengi wetu umbo hilo huchukuliwa tu tunapotengenezewa meno ya bandia ya juu. Basi mzee akipewa seti mpya, ya zamani msiitupe: upande wake unaokaa kwenye kaakaa mara nyingi umebeba matuta yake. Na fundi anapotengeneza mpya, mwombeni afukie jina ndani ya ile plastiki ya rangi ya fizi. Ni kazi ndogo kwake.

Ndugu akipotea, pelekeni vyote hivyo polisi mapema, pamoja na jina la kliniki aliyotibiwa. Na mkiitwa kutazama mwili, msikubali kwa sura au shati pekee. Ombeni daktari wa meno aitwe afungue kinywa na kulinganisha, kabla jeneza halijafungwa.