Mama anayeishi peke yake na tarifu ya umeme

Dada yangu, umeuliza kwa nini mama yako, mwenye taa nne, redio na friji ndogo tu, hupata uniti 14 hivi kwa shilingi 5,000, ilhali jirani yake hupata karibu uniti 41. Hizo uniti 14 zinaonyesha kwamba mama yuko tarifu (kundi la bei ya umeme) ya T1, ambayo ni shilingi 292 kwa uniti, na jirani yuko D1, iliyowekewa nyumba zisizozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100. Juu ya bei hizo huongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asilimia 1.

Ada ya huduma ya kila mwezi, shilingi 5,520 kwa wateja wa T1, ilifutwa mwaka 2016, na kufutwa huko kulikuwa nafuu kubwa kweli kwa watumiaji wadogo. Kwa hiyo makato anayoyaona mama mwanzoni mwa mwezi huenda ni kodi ya jengo, ambayo haihusiani na tarifu.

Akusanye meseji za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za miezi kadhaa, ajumlishe uniti za kila mwezi, kisha aende na namba ya mita ofisi ya wilaya ya TANESCO, shirika la umeme Tanzania, kuomba ahamishiwe D1. Akivuka 75, kila uniti ya ziada hutozwa shilingi 350, kwa hiyo wajukuu wakija likizo, pasi na jiko la umeme vitumike kwa uangalifu.