Ukiambiwa umekosa juri, kata simu kwanza

Nilikuwa nimelala baada ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Ohio, Marekani. Saa nne na nusu asubuhi simu ikaita. Kwenye kioo lilitokea jina la ofisi ya sherifu wa kaunti yetu. Mwanamume mwenye sauti ya upole akanitajia majina yangu yote matatu na anwani ya nyumba niliyohama miaka miwili kabla. Akasema niliitwa kwenye juri, yaani kundi la raia wanaosikiliza kesi mahakamani, barua niliipokea na kuisaini, siku ilipofika sikutokea. Jaji ametoa hati mbili za kunikamata: moja ya kutohudhuria, nyingine ya kuidharau mahakama.

Wengi wetu tuliotoka nyumbani hatukukua na juri. Tanzania tunamjua hakimu, tunamjua jaji, na tumesikia habari za wazee washauri wa mahakama. Huku raia yeyote, awe dereva au mpishi, anaweza kuitwa kusikiliza kesi na kuamua kama mshitakiwa ana hatia. Ni wajibu wa kweli, na kuupuuza wito wa kweli kuna adhabu. Tapeli anajishikiza hapo.

Yule bwana hakunipigia kelele. Alinipa njia mbili: niende nijisalimishe, nikae ndani mpaka saini yangu ihakikiwe, au niweke dhamana ya dola 2,400 ambayo ningerudishiwa siku hiyohiyo. Akanitumia picha ya hati yenye muhuri na jina la jaji. Nilikuja kulitafuta baadaye, kumbe jaji yupo kweli. Majina ya majaji yako wazi kwenye tovuti za mahakama, yeyote anayachukua. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo naona ndilo lililonimaliza: nisikate simu, na nisimwambie mtu, kwa sababu jaji amekataza suala hili lisizungumzwe. Nikimwambia mume wangu, naye atakuwa na kesi.

Nyumbani tulizoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tunaufuta bila kufikiri. Huyu alikuja kwa Kiingereza cha ofisini, na mimi mhamiaji nikawa naitikia "ndiyo, afande".

Nilikuwa na pesa ya mchezo wetu wa kuchangiana ndani ya bahasha, zamu yangu ya kupokea ilikuwa imefika wiki ile. Akanielekeza kwenye kituo cha mafuta, kwenye kile alichokiita kibanda cha dhamana cha serikali. Ilikuwa mashine ya kununulia Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, imesimama karibu na friji la mifuko ya barafu. Ubavuni ina karatasi ya njano: kama kuna mtu amekutuma uweke pesa hapa, acha. Hata kioo chake kiliniuliza swali hilohilo. Yeye sikioni akasema, "Bonyeza hapana, ni utaratibu tu." Nikabonyeza. Nikaanza kuingiza noti za ishirini, moja moja. Moja ilikuwa imekunjika, mashine ikaitema, nikainyoosha juu ya paja langu na kuirudisha tena.

Nilipofika dola 900 simu ikaisha chaji. Ule ukimya ndio ulioniokoa. Nilisimama pale bila sauti ya mtu sikioni, nikaisoma tena ile karatasi ya njano, safari hii nikaielewa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kukata simu. Usibishane naye, usimtege kwa maswali; anayajua majibu kuliko wewe. Kata. Usipige namba iliyokupigia, kwa sababu jina na namba inayotokea kwenye kioo vinaweza kughushiwa. Tafuta mwenyewe namba ya mahakama ya kaunti yako, uliza karani wa masuala ya juri. Mimi nilipopiga, karani alichukua dakika mbili kunijibu kwamba sina chochote. Na mwambie mtu wa nyumbani hapohapo, hasa kama umekatazwa.

Mahakama haichukui dhamana kwa kadi za zawadi, wala Zelle (huduma ya kutumiana pesa kwa simu), wala Bitcoin. Haikupigii simu kudai malipo au namba yako ya Social Security, ile ya utambulisho wa serikali. Wito wa juri kwa kawaida huja kwa posta. Kwenye mahakama za shirikisho, asiyetokea kwanza huitwa mbele ya jaji ajieleze. Akikosa sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 1,000 au kufungwa siku zisizozidi tatu. Majimbo yana sheria zake.

Liko jambo lililoniuma zaidi. Wakati ule nilikuwa na grini kadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na juri ni ya raia. Nisingeweza kukaa kwenye juri hata kwa kutaka. Hata hivyo, barua ya kweli inaweza kumfikia asiye raia kwa makosa, kwani mahakama nyingine huchota majina kwenye orodha ya leseni za udereva. Ikikufikia usiitupe. Weka alama kwamba wewe si raia, irudishe, utaondolewa. Usijaribu kusema ni raia ili mambo yaishe. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini.

Kama pesa imeshatoka, tunza risiti ya mashine na ile picha ya hati. Piga siku hiyohiyo kwa kampuni iliyoandikwa kwenye mashine, benki yako na polisi, kisha ripoti kwenye tovuti za serikali za kupokea taarifa za utapeli, reportfraud.ftc.gov na ic3.gov. Zangu hazikurudi. Wenzangu wa mchezo niliwaeleza yote Jumapili ile, na wawili wakasema nao waliwahi kupigiwa, wakanyamaza kwa aibu.

Mwaka jana, nikiwa tayari raia, wito wa kweli ulikuja kwenye sanduku la barua: karatasi yenye namba yangu ya juri, tarehe, na maelezo ya maegesho. Nilimpigia karani kwanza. Nikaenda, nikakaa kwenye chumba chenye viti vya plastiki hadi saa tisa alasiri, wakasema hatuhitajiki tena. Hakuna aliyenidai hata senti.